Ufunguo wa Kanisa Nilirudisha, Mungu Nikabaki Naye

Bwana asifiwe, watu wa kanisa ya hapa Kabati. Asifiwe hata na nyinyi mlioketi huko nyuma karibu na mlango ili mtoke mapema. Nimewaona.

Mimi naitwa Syokau, lakini watu wananiita Mama Nduku. Nilizaliwa Kilungu, huko milimani kwa machungwa na ndizi, nikaolewa Mutomo kwa mawe na miiba. Baba yangu aliniuliza kama nimeangalia vizuri huyo kijana anatoka wapi. Nikamwambia nimeangalia. Uongo. Nilikuwa naangalia meno yake. Shule niliachia darasa la tano, kwa hivyo kama mmezoea maneno makubwa hapa mbele, leo mtayakosa. Mungu alinipa sauti ya kuimba na mdomo wa kuongea, basi, akafunga mfuko.

Ndugu zangu, mliniita nije nishuhudie jinsi mtu anaweza kudumu katika wokovu na kazi ya Bwana bila kuzimika. Asanteni. Lakini nimesimama hapa nikiwa nimekasirika. Mnisamehe, ama msinisamehe, ni sawa tu. Nimekasirika tangu asubuhi, hata kabla sijamaliza chai yenu, na nitawaambia ni kwa nini. Si sasa. Kwanza mnisikie kutoka mwanzo, ndiyo mjue hii hasira inatoka mbali.

Niliokoka miaka ya sabini, Nduku akiwa bado mgongoni. Kanisa yetu ilikuwa ya miti na udongo, na wiki ya kwanza nikapewa ufagio. Nilifurahi sana! Nikafagia hiyo kanisa mpaka ikashinda nyumba yangu. Baba Nduku alikuwa anafanya kazi Mombasa, akija likizo anaangalia sakafu yetu, anaangalia ya kanisa, anasema labda ahamishie kitanda huko. Baada ya ufagio kukaja kufuli, nikapewa ufunguo. Nikaufunga kwenye pindo la leso na sikuufungua kwa miaka.

Sasa, wazee wetu wa kanisa walikuwa na desturi yao. Kukiwa na kazi ya kugawa, hakuna kuuliza nani ana nafasi. Mzee Musembi, ndiye alikuwa mwenyekiti wao, alikuwa anasema tuinamishe vichwa, Roho atuonyeshe mtu. Tunainamisha. Sala yake ilikuwa inaanza jua likiwa kwa mlango na kuisha likiwa kwa dirisha. Tukifungua macho, wazee wote wananiangalia mimi. Wote! Kama mbuzi wameona mtu na majani. Roho alionyesha mimi kufundisha watoto. Akaonyesha mimi kuimbisha. Akaonyesha mimi kuongoza akina mama, kutembelea wagonjwa hospitali ya misheni, kuosha vitambaa vya madhabahu, kupikia kila mhubiri aliyepita Mutomo akiwa na Biblia na njaa. Nikaanza kujiuliza kama huyu Roho hajui mtu mwingine kwetu.

Na kila mara Mzee Musembi alikuwa anamalizia, "Mama Nduku ana nguvu. Bwana amempa."

Ndugu zangu, hayo maneno nayachukia mpaka leo. Ana nguvu. Nani alipima? Ng'ombe wa kulima huwa anaangaliwa shingo jioni, kama nira imemchubua. Mimi hakuna aliyeniangalia shingo. Siku moja nikajikaza nikawaambia wazee nimechoka. Nilisema hivyo tu, nimechoka, sikutukana mtu. Mzee Musembi akasimama akasema uchovu ni roho, na roho ni ya kukemewa. Wakaniwekea mikono kichwani, wakakemea uchovu kwa sauti mpaka kuku wakatoroka uwanjani. Wakimaliza kukemea, wakanipa sufuria, kwa sababu kulikuwa na wageni.

Nyinyi mnacheka. Hata mimi nilicheka. Hiyo ndiyo ilikuwa shida yangu, nilicheka kila siku. Mtu akiwa mcheshi watu wanafikiri hana mahali pa kuumia.

Halafu ukaja ule ukame wa miaka ya themanini. Wenye umri mnaukumbuka, sitaki kuwaambia mambo ya ng'ombe. Na katikati ya huo ukame, wazee wakaamua tujenge kanisa ya mawe. Simiti ilikuwa imeletwa, fundi alikuwepo, na simiti haikorogwi kwa mate. Kwa hivyo kukatangazwa kila nyumba ilete debe moja ya maji kila asubuhi. Ikaanza vizuri, watu wanakuja wakiimba. Baada ya siku kidogo, huyu mgongo unauma. Yule mtoto ana homa. Mwingine akatuma habari kwamba punda wake amekufa, na huyo punda nilikutana naye barabarani, mzima, hata amenona kunishinda.

Nikabaki mimi. Kwa sababu nani ana nguvu?

Maji yetu ilikuwa inatoka mtoni, lakini msifikirie mto wa kwenu. Wetu ni mchanga mtupu. Unachimba shimo mchangani, unaingia ndani, na chini kabisa maji inatoka polepole, kama jasho. Unateka kikombe kwa kikombe mpaka mtungi ujae. Na ukame ukizidi, shimo linazidi kuwa refu, mpaka mtu akisimama ndani hata kilemba hakionekani. Sasa sikieni hili jambo, kwa sababu ndilo lililoniokoa na ndilo lililotaka kuniua. Kisima cha mchanga kina desturi yake. Ukiteka maji ikaisha, unatoka. Unaketi juu. Unangoja. Maji inarudi yenyewe, bila wewe. Kile hakifanywi ni kukwangua. Ukikwangua kuta kutafuta maji zaidi, unapata tope, na mchanga unakosa mahali pa kushikilia. Mtoto wa Mutomo anajua hivyo kabla hajajua kufunga kamba ya kiatu.

Basi mimi nikawa nateka maji ya kanisa. Maji ilikuwa inapita mlangoni kwangu ikienda kunywewa na simiti! Mbuzi wangu walikuwa wanalamba sufuria kavu. Nduku, ambaye sasa alikuwa msichana mkubwa, alienda shule na miguu nyeupe kama amekanyaga unga, hakuna maji ya kunawa. Aliniuliza kama kanisa inakunywa maji nyingi kuliko ng'ombe. Nikamwambia anyamaze, hii ni kazi ya Mungu. Lakini lile swali lilikaa tumboni.

Nikaanza kuwachukia watu. Niwaambie ukweli wote? Nilikuwa nasimama mbele naimbisha, mikono juu, machozi yanatoka, na ndani nawahesabu. Wewe hukuleta maji. Wewe ulikula kuku wangu. Wewe punda wako hakufa. Nilikuwa nataka paa liwaangukie, lakini polepole, ili wajue ni nani ameliangusha. Maombi yakakauka. Nikipiga magoti nyumbani nasema "Baba," halafu nakosa la kusema, kama mtu amebisha mlango akasahau ametumwa nini. Mwisho hasira ikapanda juu kabisa, ikafika kwa Mungu mwenyewe. Nikamwambia, wewe ni mwajiri mbaya. Unalipa wanaoketi, unachinja anayefanya kazi.

Nikaamua. Wageni wa mkutano wa kufungua kanisa mpya walikuwa wanakuja, nitawapikia, nitaimbisha, watu wakitoka nitafunga mlango, nimpe Mzee Musembi ufunguo, na nisikanyage tena kanisa. Ile yetu wala ingine yoyote. Wokovu niurudishe pamoja na ufunguo, kwa pindo moja. Nilikuwa nimemaliza na Mungu. Sikuwa natania.

Mtu mmoja tu nilimwambia, na hakuwa mtu wa kanisa. Anaitwa Kanini. Anauza mbaki, ile tumbako ya kunusa, anaibeba kwa mkebe mkubwa anapitia masoko yote. Hajaokoka, na mdomo wake ukiusikia unajua hajaokoka. Tulikuwa tunapatana mtoni, visima vyetu viko karibu. Wakati namwambia naacha, alinusa, akapiga chafya, akasema vizuri, sasa nitapata mtu wa kucheza naye ngoma.

Siku moja kabla ya mkutano nikaenda mtoni na punda na mitungi. Maji ya wageni, ya kupika, ya kunawa, ya kumwagia sakafu mpya. Nikaingia kisimani. Nikateka mtungi wa kwanza, wa pili haukufika nusu, maji ikaisha. Kanini alikuwa ameketi juu ya mchanga anangoja chake kijae, amenyoosha miguu, mkebe kando. Akaniita.

"Toka uketi, mama. Hiyo imeisha."

Nikamwambia sina wakati wa kuketi, mimi nina wageni wa Mungu. Nikachukua sufuria nikaanza kukwangua. Nilikwangua hiyo kuta na hasira yote ya miaka. Huku Musembi, nakwangua. Huku punda, nakwangua. Tope tu ndiyo inatoka, nazidi.

Ndugu zangu, mchanga haupigi kelele. Ulikuja tu. Niliona giza, nikasikia uzito kama watu wengi wameniketia, na ulipoacha kushuka, kichwa tu kiko juu ya mchanga, na mkono mmoja. Kila nikitoa pumzi, mchanga unashuka kidogo unaniminya, kuvuta ingine siwezi vizuri. Nikajua nimekufa. Na jambo la kwanza nililowaza si mbinguni. Niliwaza, wageni watakula nini? Mnaona vile mtu anaweza kuharibika?

Kanini akapiga nduru. Akarukia ukingo, halafu akakosa cha kuchotea, sufuria yangu ilikuwa imezikwa pamoja na mimi. Basi akachukua ule mkebe wake, mali yake yote, chakula ya watoto wake katika ukame, akaupindua. Akamwaga mbaki yote, na akaanza kuchota mchanga. Nimeona watu wakitoa sadaka miaka mingi, wengine wakiikunjua juu ili tuone. Sijaona sadaka kama hiyo.

Lakini mbaki na upepo ni marafiki. Ilinijia yote usoni. Nikaanza kupiga chafya. Mimi huyu, niko kaburini mpaka shingo, sina pumzi, na napiga chafya! Kila chafya mchanga unanishika zaidi. Kanini ananitukana nisipige chafya, na mwenyewe anapiga. Wanawake wengine wakafika wakikimbia kutoka visima vyao, na vikombe, na sahani, na mikono. Wengi hawakuwa watu wa kanisa, wa kanisa walikuwa nyumbani na mgongo. Walichimba wakashika makwapa yangu wakanivuta kama ndama anazaliwa. Nilitoka bila leso. Niliwaambia wafunge macho tuombe. Walicheka mpaka wakalia, na mimi nikalia, lakini kwangu haikuwa kicheko tena. Nililia kama mtoto.

Kanini alikuwa ameketi kando yangu, amejaa mchanga, mkebe mtupu mikononi. Alikuwa amekasirika kweli. Akaniuliza, na akauliza polepole:

"Ni Mungu wako alikwambia ukwangue?"

Nikamwambia hapana. Haikuwa Mungu. Ilikuwa ni Musembi.

Haleluya! Ndugu zangu, hapo ndipo nilifunguliwa. Hapo mchangani, bila mhubiri, bila kuwekewa mikono. Nilikuwa nataka kumwacha Mungu kwa sababu ya maneno ya Musembi! Miaka yote nilikuwa nasikia sauti ya mzee wa kanisa nasema ni ya Bwana. Mungu hakuniambia nikaushe mbuzi wangu. Mungu hakuniambia miguu ya Nduku iwe nyeupe. Yesu mwenyewe alichoka safarini akaketi kando ya kisima, na hakuna mtu alikemea uchovu wake. Aliketi! Na mimi mtu wa darasa la tano nilitaka kumshinda.

Nikamwambia Mungu, hapo hapo, nisamehe nilikuita mwajiri mbaya, nilikufananisha na mtu. Na maombi yakaja. Yalikuja kama maji ya kisima, polepole, sikuyakwangua.

Nikapelekwa nyumbani juu ya punda, mbavu zinauma, siwezi kuinua mkono. Jioni nikasikia hodi. Mzee Musembi na wazee wengine. Nikasema moyoni, asante Bwana, wamekuja kuniona. Mzee akavua kofia akasimama mlangoni.

"Pole, Mama Nduku. Ufunguo uko wapi? Na wageni watapikiwa na nani?"

Mimi niko kitandani, mchanga bado kwa masikio. Hasira iliyonijia hapo nadhani ndiyo hii hii niko nayo leo, haijawahi kuzeeka. Nikamwambia Nduku alete leso yangu, walikuwa wameichimbua. Nikafungua lile pindo kwa meno, kwa sababu mkono mmoja ulikuwa hautaki. Nikampa ufunguo.

"Shika, Mzee. Huu ni wako. Mungu nabaki naye."

Akafikiri mchanga umeniingia kichwani. Akaanza kusema tuinamishe vichwa. Nikamwambia leo tuombe macho yakiwa wazi, ili tuone Roho anaonyesha nani. Waliondoka.

Wageni walipikiwa na wazee. Akina mama walikataa, kila mmoja alikuwa na ule mgongo wake, na mara hii niliushukuru. Niliambiwa kuku walipikwa na manyoya mengine bado yako, na muthokoi, yale mahindi yetu ya kukoboa, ulikuwa na mawe mpaka mhubiri mgeni akatema jino. Wengine wanasema halikuwa jino, ilikuwa jiwe. Mimi naamini ni jino. Lakini Bwana hakuanguka kutoka kwa kiti chake. Kanisa ilifunguliwa, watu waliokoka, na mimi nilikuwa kwangu nimelala, nakunywa uji.

Nilipumzika miezi. Walisema nimerudi nyuma, nimeangukia kwa mbaki. Niliwaacha waseme. Nilikuwa naenda mtoni, nateka maji ya nyumba yangu, ikiisha natoka naketi juu ya mchanga na Kanini. Pale nikingoja kijae ndipo nilijifunza kuomba upya. Mtu hawezi kuharakisha hayo maji, kwa hivyo unaongea na Mungu tu, hakuna kingine cha kufanya. Nilimnunulia Kanini mbaki ya kuanzia tena, na ndio, mtu wa kanisa amenunua tumbako, andikeni.

Halafu asubuhi moja nikajikuta naimba nikiwa na mtungi, na sikuwa nahesabu mtu. Nikajua kisima cha moyo kimejaa. Nikarudi kanisani. Wazee wakataka kuinamisha vichwa, nikawaambia mimi nitaimbisha. Hiyo moja. Ufagio na ufunguo na watoto na wageni, kuna watu mia wanaketi hapa na mikono. Walinuna mwaka mzima. Lakini kazi zilipata wenyewe, zingine vibaya, zingine vizuri kunishinda. Na hiyo moja nimeifanya mpaka leo, na sauti bado iko. Wakati Mzee Musembi alilala, Mungu amweke mahali pema, mimi ndiye nilimwimbia kaburini. Nilimwimbia na kifua chote, na hakukuwa na hesabu yoyote chini ya huo wimbo. Nilipenda yule mzee. Aliniudhi mpaka mwisho, na nilimpenda.

Kanini bado hajaokoka. Alikuja kanisani mara moja, akasema viti ni vigumu na sala ni ndefu, na kwa yote mawili hakudanganya. Naendelea kumwombea. Sikwangui.

Sasa niwaambie kwa nini nimekasirika leo.

Asubuhi nilifika hapa mapema. Nikakuta mama mmoja wa sweta ya kijani anafagia. Nikasema vizuri. Baadaye ni yeye anapanga viti. Chai ilipokuja, ni yeye na birika. Tuliposimama kuimba, ni yeye anaimbisha, na sauti imepasuka. Nilimwona akiimba, na nikayaona macho yake. Ndugu zangu, hayo macho nayajua. Yalikuwa yanahesabu. Nikauliza mzee mmoja wenu, huyu mama hapumziki? Akacheka akaniambia, "Huyo? Huyo ana nguvu."

Chai yenu niliiacha hapo.

Mko tayari kumpoteza? Kwa sababu siku moja atafungua pindo la leso, na hatarudisha ufunguo peke yake. Ataenda na wokovu wake, na nyinyi mtasema shetani amemchukua. Shetani hatakuwa amefanya kazi yoyote siku hiyo, atakuwa ameketi!

Namshukuru Mungu aliyenitoa shimoni, na aliyetumia mtu wa mbaki. Na wewe uliyekauka, unayeimba ukichukia watu, unayepiga magoti ukakosa la kusema, nakuita. Usimwache Yesu. Hakukutuma kukwangua. Toka, keti kando yake, umtegemee yeye kwa maji ambayo wewe huwezi kuleta. Atajaza. Mimi nimengoja juu ya mchanga nikaona.

Mama wa sweta ya kijani, wewe hapo mlangoni, bado umeshika birika. Njoo mbele. Usiogope, njoo. Keti hapa kwa kiti changu, mimi nasimama vizuri tu.

Na wewe mzee uliyenijibu asubuhi, ndiyo, wewe wa koti, hakuna haja ya kuinamisha kichwa. Simama umpokee mama birika. Ni moto, shika na kitambaa.